Kila akihubiri ananiita nisimame

Mama Mshauri,

Bwana asifiwe. Ni saa tisa ya usiku, umeme umerudi sasa hivi na simu imepata chaji kidogo, ndiyo maana naandika. Watoto wamelala. Baba yao naye amelala, tena anakoroma, maana yeye akishahubiri hulala fofofo. Mimi tangu jana jioni sijafumba jicho.

Wewe unatujua sisi wake za watumishi, utanielewa bila maneno mengi. Mke wa mchungaji ana lawama zake, lakini ana parseli ya kanisa, yaani kiwanja na nyumba, ana meko yake, anajua makaa yake ya kesho yako pembe gani. Mke wa mwinjilisti ana begi. Na mimi sikatai begi. Nilipoolewa alikuwa tayari mwinjilisti, hakunificha, na wazee wa kwetu waliniuliza mbele ya mahari nikajibu ndiyo. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nilidanganywa, au kwamba natafuta mali. Wanaotafuta mali hapa kwetu wanaolewa na watu wa migodi.

Shida yangu ni ushuhuda wa mji wa Bukama, ule mume wangu anaousimulia akihubiri.

Jana tulikuwa na mkutano hapa hapa mjini Lubumbashi, kwenye komini (mtaa) iitwayo Kenya, watu wamejaa mpaka barabarani. Akafika pale ninapopajua. Huwa napaona pakija, kwa sababu anashusha sauti, anampa mpiga kinanda ishara, halafu anasema, "Treni ilitufia porini." Kisha mtoto ana homa, hakuna daktari, hakuna dawa, yeye amepiga magoti, na mke wake analia akisema Mungu ametuacha. "Mama Mtumishi, simama watu wakuone! Huyu ndiye aliyekuwa na imani ndogo!" Watu wanacheka, wanapiga makofi. Nasimama, napunga mkono. Mtoto naye anaitwa, anapandishwa jukwaani, vigelegele vinapigwa, matoleo yanaanza kuja.

Mama, dawa ilikuwapo.

Treni ilikufa kweli, kati ya Luena na Bukama, hapo hakuongeza neno. Anayepanda treni ya Kamina anajua habari zake. Tulilala ndani ya behewa pamoja na magunia ya chumvi na kuku za watu. Mtoto wangu mdogo alikuwa na miaka mitatu, na tulipofika Bukama hata maji hawezi kumeza, macho yamegeuka. Bonde lile la Lualaba ni mabwawa kila upande, mbu wake si wa kuchezea. Baba yake alikuwa anangojewa stesheni na wenyeji, kwaya inaimba. Akaenda nao kupanga mkutano wa jioni, akaniambia tumkabidhi mtoto kwa Bwana. Nikamkabidhi. Halafu nikamfunga mgongoni mpaka kituo cha afya, mkubwa wake ananifuata na kikapu. Muuguzi akamtoboa kidole, akasema malaria imeshapanda kichwani, sindano na serumu (dripu) zianze sasa hivi, ila pesa iwe mezani kwanza. Sikuwa na franka hata moja. Pesa zote alikuwa nazo yeye mfukoni, ni za kukodi sono, vyombo vya sauti vya mkutano.

Nikafungua begi. Nilikuwa na kikwembe changu, kitenge cha super-wax, mapande yote matatu, bluu yenye maua ya njano, mama yangu alinipa siku ya mahari. Miaka yote nilikuwa nakibeba bila kukikata, kimekunjwa ndani ya gazeti. Nikakipeleka sokoni. Mama mmoja muuza samaki akakipapasa, akakinusa, akachomoa uzi mmoja pembeni, akauwasha kiberiti aone kama ni pamba kweli. Uzi ukawa majivu. Akanipa chini ya nusu ya bei na mikono yake ikinuka samaki, nikapokea. Serumu ikaingia. Baada ya siku chache mtoto akaomba bukari (ugali).

Mungu ndiye aliyemponya, sibishi. Ila mimi nasema Mungu alipita kwenye kikwembe. Kwa nini kikwembe hakimo kwenye ushuhuda?

Nilimwuliza. Akajibu kwamba ushuhuda si ripoti, kazi yake ni kuinua imani ya watu, na akiingiza sindano na soko nguvu inapotea. Akaongeza kwamba shetani anataka kunitumia nitafute utukufu. Sitafuti utukufu, Mama. Asinitaje kabisa, nitamshukuru. Lakini kama ni lazima anitaje, ataje na kikwembe. Tena mimi usiku ule sikulia. Sikuwa na nafasi ya kulia.

Usidhani mimi ni mtu wa kunung'unika. Nimekula vumbi la njia ya Kasenga, nimelala Kasumbalesa katikati ya malori ya shaba watoto wakiwa wamejibana chini ya turubai. Nimepika bukari ya kwaya nzima kwenye jiko la mwanamke mwingine, mwenye jiko amesimama mlangoni ananilinda nisimalize chumvi yake. Katika parseli za watu naanika nguo za ndani chini ya kitambaa cha kichwa, zinakauka nusu, tunavaa hivyo hivyo. Kolwezi wachimbaji wakiguswa wanatoa dola. Kule vijiji vya Lualaba wanatoa samaki wa kukaushwa na unga wa mihogo, na kuna mahali walitupa mbuzi. Huyo mbuzi alisafiri nasi juu ya bafle (spika) mpaka Likasi, njia nzima anatafuna karatasi zetu za tangazo, uso wa baba watoto ukiishia tumboni mwake, tulicheka mpaka dereva akasimamisha gari. Nayapenda hayo, nisikufiche. Mvua zilizopita, tulipokwama hapa Lubumbashi kwa sababu njia zimeoza, mimi mwenyewe ndiye niliyeanza kuuliza tunatoka lini.

Ndiyo sababu sijui nimjibu nini yaya yangu, ndugu yangu mkubwa. Ana chumba kitupu kwake Katuba, hapa hapa Lubumbashi, anasema nibaki na watoto wasome, mtumishi azunguke peke yake kiangazi. Ana haki. Mikutano yetu inaanza mwezi wa tano njia zikikauka, na shule haifungwi mpaka mwezi wa saba, kwa hiyo mitihani ya mwisho wa mwaka watoto wangu wanaifanyia mahali ambapo hawakuanzia, au hawaifanyi. Mkubwa yuko darasa la sita, TENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, iko mbele yake, na mkurugenzi wa shule anadai bulletini (ripoti ya maksi) ya mwaka jana ambayo imebaki Kamina. Serikali ilisema tangu 2019 shule ya msingi ni bure, sawa. Hiyo bure ni ya mtoto ambaye mwalimu anamwona darasani.

Nikimweleza baba yao ananijibu kwa habari ya Arnot, yule mmisionari wa zamani. Arnot alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886, kwa miguu, kutoka upande wa Angola, naye hakuuliza habari za bulletini. Mimi pia nimesoma. Arnot alipofika Bunkeya hakuwa na mke wala mtoto, alioa baadaye. Na Filipo, mwinjilisti mwenyewe, Matendo sura ya 21 inamwonyesha akiwa na nyumba yake Kaisaria na binti wanne, Paulo ndiye aliyekuja kuwa mgeni kwake. Siku niliyomwambia hayo alinyamaza kwanza, halafu akasema Filipo alikuwa ameshazeeka. Imeandikwa wapi hiyo?

Lakini si shule inayonikosesha usingizi. Watoto wa watumishi wengi wamesoma kwa kubahatisha na wamekuwa watu.

Ni huyu mkubwa wangu. Siku ya Bukama alikuwa na miaka saba. Alikuwa sokoni na mimi, ndiye aliyeshika upande wa pili tulipokikunjua kikwembe yule mama akione chote. Jana niliposimama kupunga mkono nilimtazama kwenye benchi la kwaya ya watoto. Hakupiga makofi. Tuliporudi nilikuwa namfungua misuko, akaniuliza, "Mama, Papa hajui habari ya kikwembe, ama anajua?" Nikamwambia anyamaze, alale. Akasema, "Kama anajua, basi na yale mengine anayosema juu ya Yesu ni hivyo hivyo?" Kisha akaniambia hatabatizwa. Ameshaandikishwa kwa mwezi ujao, gauni jeupe liko kwa fundi.

Baba yake hana habari. Nikimwambia, atamwita mtoto na kumkemea, pengine amfungishe na maombi mchana kutwa, na yule mtoto ni mimi mtupu, atafunga mdomo mpaka azeeke. Nikimwambia mtoto kwamba baba yake anasema kweli, atajua na mimi nimo. Nikimwambia baba yake anaongopa, hapo nitakuwa nimesema uongo mwingine, kwa sababu baba yake si mwongo. Mtu huyu nilimwona Mitwaba akivua viatu vyake akampa mzee mmoja, akahubiri kwa kandambili. Naona ule usiku ameshausimulia mahali pengi mno, sasa anaukumbuka vile anavyousimulia. Labda hata akiniona nalia, ananiona kweli. Sijui kama hilo ni afadhali au ni baya zaidi.

Na yote haya kwa ajili ya kikwembe, utasema. Mama yangu alikufa mwaka uliofuata. Aliniuliza kwenye simu kama nimekishona, nikamwambia bado.

Wanawake wa kanisa watanijibu niombe. Nimeomba, Mama, na kufunga nimefunga. Wewe usinijibu hilo.

Ijumaa tunatoka kwenda Likasi, kutoka hapo Kolwezi. Likasi si mbali, kilomita 120 hivi za lami, tutafika mchana na jioni hiyo hiyo mkutano unaanza. Atafika pale pake, atashusha sauti, ataniita. Je, nibaki nimekaa? Mke wa mtumishi akiitwa asisimame, aibu hiyo itafika Kolwezi kabla yetu. Au nisimame, niombe mikro, niseme habari ya kikwembe kwa maneno machache bila hasira, nikae? Yaya ananisukuma nifanye hivyo, lakini yaya si yeye atakayelala naye chumba kimoja usiku ule. Au nibaki Katuba, niseme ni kwa sababu ya TENAFEP, yeye aende akasimulie anavyotaka mahali ambapo sisikii? Hilo nalo nimeligusia juzi. Akasema nikitaka kubaki nibaki na mkubwa, ila mdogo ataondoka naye, watu wanapenda kumwona. Basi nikasema nitakwenda. Sijui kwa nini nilisema haraka hivyo.

Jibu kabla ya Ijumaa kama unaweza, na jina la kanisa letu usiliweke. Kama nafasi yako ni ndogo, hayo ya kusimama na kukaa yaache, nitaona huko huko. Nijibu la mtoto tu. Ataamka saa kumi na mbili kuchota maji pamoja nami, na najua ataniuliza tena. Namwambia nini?

Mke wa mwinjilisti,
Lubumbashi