Mashine ya mapokezi imwandike mgeni, isimfungulie mlango

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu vishikwambi vinavyowekwa mapokezi maofisini ili mgeni ajisajili mwenyewe na mfanyakazi aandikishe mahudhurio yake. Kuachana na daftari la wageni ni hatua nzuri. Daftari lile hulala wazi mezani, na kila anayeandika jina lake husoma majina, namba za simu na shughuli za waliomtangulia. Saa ya kutoka ndiyo haijazwi kabisa. Tatizo linaanza pale ofisi inaponunua kishikwambi na kukiunganisha moja kwa moja na kitasa: mgeni akijaza jina na kubonyeza “endelea”, mlango unafunguka. Mashine ya kuandikisha imepewa kazi ya mlinzi, nayo kazi hiyo haiiwezi, maana inaamini chochote inachoandikiwa.

Anayepaswa kuanza ni mwenyeji. Aingize jina la mgeni na saa ya miadi mapema, mfumo umtumie mgeni msimbo wa QR. Msimbo huo utumike mara moja tu, na uwe hai kwa muda mfupi, tuseme kuanzia nusu saa kabla ya miadi hadi saa moja baadaye. Ndani yake kusiwe na jina wala namba ya simu. Iwemo namba ndefu isiyokisika, ambayo seva peke yake ndiyo inayojua ni ya nani. Hata hivyo msimbo ni picha, na picha humfikia mtu mwingine kwa sekunde chache. Kwa hiyo aliyefika lazima athibitishwe kwa njia ya pili: mtu atazame kitambulisho chake, au mwenyeji ashuke kumpokea. Kutazama kunatosha. Kupiga picha ya kitambulisho na kuihifadhi ni kujitwisha mzigo wa kulinda kitu usichokihitaji.

Msimbo ukisomwa, mwenyeji apate ujumbe wenye picha ya mgeni iliyopigwa pale pale, akubali, ndipo beji ichapwe. Asipojibu ndani ya dakika tano, ujumbe uende kwa mtu wa pili aliyetajwa tangu mwanzo. Hapa ndipo ofisi nyingi zinapojiharibia: wenyeji wakichelewa kujibu, msimamizi wa mfumo anawasha kibali cha moja kwa moja ili foleni ipungue, na kuanzia siku hiyo hakuna tena anayekagua mtu.

Kishikwambi chenyewe kinahitaji ulinzi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2019 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba wanafunzi wawili waliokuwa mafunzoni kwao walichunguza mifumo 5 ya kusajili wageni wakakuta kasoro 19. Miongoni mwake zilikuwamo nywila za msimamizi zilizokuja na mfumo tangu kwa muuzaji, na mianya ya kutoka kwenye programu ya mapokezi na kuingia kwenye kompyuta iliyo nyuma yake. Basi kifungwe kwenye programu moja tu kwa mipangilio ya usimamizi wa vifaa, nywila zote zibadilishwe siku ya kwanza, na kiwekwe kwenye mtandao wake pekee usiofika kwenye mafaili ya ofisi. Fremu ya chuma ifunike vitufe vya pembeni na tundu la chaji. Tundu likiachwa wazi, mtu mwenye kebo na dakika mbili za upweke anaweza kufanya mengi.

Kuna jaribio dogo ambalo kila ofisi inaweza kulifanya leo. Gusa kisanduku cha jina, andika herufi mbili za mwanzo, kisha tazama mstari ulio juu ya kibodi. Kama kibodi inapendekeza majina, huenda hao ni wageni waliokutangulia. Ikiwa ni hivyo, daftari la zamani limerudi kwa mlango wa nyuma. Zima mapendekezo ya maneno na kumbukumbu ya kujaza fomu. Kisha fungua sehemu ya kumtafuta mwenyeji. Ikikuletea orodha nzima ya wafanyakazi na vyeo vyao, tapeli ameshapata anachokihitaji bila kuvuka mlango. Mgeni alazimike kuandika jina kamili, na skrini ijifute yenyewe ikikaa sekunde 30 bila kuguswa.

Kwa wafanyakazi, jambo la kwanza ni kadi. Kadi za zamani za kilohezi 125 hutamka namba ile ile kwa kila kisomaji kinachoziuliza, na kifaa cha bei ndogo kinainakili papo hapo. MIFARE Classic, aina ya kadi ya kugusisha iliyoenea sana, nayo isihesabiwe kuwa salama: watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha mwaka 2008 jinsi usimbaji wake unavyovunjwa. Nunua kadi zinazotumia usimbaji wa AES, njia imara ya kuficha taarifa. Usiishie kwenye kadi, maana waya kati ya kisomaji na kidhibiti cha mlango ukiwa wa mtindo wa zamani uitwao Wiegand, namba za kadi hupita humo bila kufichwa, na aliyefungua kisomaji ukutani anaweza kuzinasa. Mtindo mpya zaidi, uitwao OSDP, unaficha mawasiliano hayo, ila ni pale tu fundi anapoiwasha njia yake salama. Wapo wanaofunga OSDP na kuiacha njia hiyo imezimwa, mteja asijue.

Alama za vidole huonekana kuwa jibu la wafanyakazi kusainiana, lakini kadi ikiibwa inafutwa na kidole hakifutwi. Halafu wanaoshika saruji, kemikali au maji siku nzima vidole vyao hulika, na kisomaji kinawakataa kila asubuhi. Kama lazima zitumike, data ya alama ihifadhiwe ndani ya kadi ya mfanyakazi mwenyewe badala ya seva, na pawepo njia nyingine kwa asiyeweza au asiyetaka. Mara nyingi kadi pamoja na picha inayojitokeza kwenye skrini ya mlinzi inatosha.

Beji ya mgeni iwe na tarehe kwa herufi kubwa na rangi inayobadilika kila siku, ili ya jana itambulike kwa mbali. Maandishi yanayochapwa kwa joto hufifia yakiachwa juani, kwa hiyo usitegemee maandishi madogo.

Moto ukizuka, orodha ya waliomo ndani ndiyo inayoamua zimamoto waingie kumtafuta nani. Mifumo mingi huwaandika wote kuwa wametoka ifikapo usiku wa manane kwa hesabu ya kompyuta tu; fundi aliyebaki kwenye chumba cha mitambo anaandikwa kuwa ameshaondoka. Badala yake mfumo umuulize mwenyeji jioni kama mgeni wake ametoka, na asiyethibitishwa abaki kwenye orodha. Orodha ifike kwenye simu za wasimamizi wa dharura na isomeke hata mtandao ukiwa umekatika. Umeme ukizimika, kishikwambi kina betri yake, lakini ruta na printa hazina: ziwekewe betri ya akiba. Kitasa cha sumaku kikikosa umeme huachia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwenye njia ya kutokea. Kitufe cha kutokea kikate umeme wa sumaku moja kwa moja, kisipitie kwenye programu inayoweza kuganda.

Wanaotaka kununua mfumo wasilipe awamu ya mwisho kabla ya majaribio haya, muuzaji akiwa amesimama pale. Tumia msimbo wa jana. Tuma msimbo wa leo kwenye simu ya pili na uutumie mara mbili. Chomoa kebo ya mtandao, kisha omba orodha ya waliomo ndani. Mwisho mwambie afute taarifa za mgeni mmoja, na akuonyeshe kwamba picha yake imeondoka pia kwenye nakala za akiba, au akuandikie ni lini itaondoka.

Fundi wa mifumo ya milango na mapokezi