Barua kwa Ndugu Hamisi kuhusu orodha ya tamthilia

Minneapolis, Minnesota

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye theluji. Natumaini hujambo, shemeji na watoto hawajambo, na mzee ameshatoka hospitali. Bakari ndiye aliyeniarifu kwamba umerudi kufundisha Mlimani. Nilifurahi sana, ingawa nilishangaa kuipata habari hiyo kwake na si kwako. Malalamiko hayo nayaweka kiporo, kwa kuwa leo nina jambo moja linaloninyima usingizi, na nahitaji msaada wako kabla ya mwisho wa mwezi.

Idara yetu imenikabidhi kazi ya kuandika upya orodha ya tamthilia zinazosomwa katika somo la tamthilia ya Marekani. Orodha iliyopo unaijua hata kabla sijaitaja: O'Neill, Wilder, Williams, Miller, Albee, kisha mwishoni kabisa mwa muhula, wakati wanafunzi wamekwisha kuchoka na baadhi yao wameshakata tiketi za kurudi makwao, inakuja wiki moja ya "sauti nyingine", yaani za watunzi wasio wazungu, ambamo Lorraine Hansberry, August Wilson na Luis Valdez wamebanana kama abiria wa daladala la jioni. Wenzangu waandamizi wameniambia kwa upole kwamba inatosha kuongeza majina mawili matatu katika wiki hiyo. Mimi naona kwamba wiki hiyo ndiyo tatizo lenyewe, na kwamba ukiijaza zaidi unazidi kuihalalisha.

Chukua Miller na Hansberry. Katika Death of a Salesman ya mwaka 1949, Willy Loman anajiua akiamini kwamba bima yake ya maisha, dola 20,000, itamnyanyua mwanawe. Miaka 10 baadaye Hansberry akatoa A Raisin in the Sun, ambamo baba ameshafariki kabla pazia halijafunguliwa, na familia yake, akina Younger, inavutana juu ya dola 10,000 za bima yake: mama anataka nyumba, mwana anataka kufungua duka la pombe, binti anataka kusomea udaktari. Swali ni lilelile la thamani ya baba ikipimwa kwa fedha anazoziacha, na la nchi inayowaahidi watu wake kwamba bidii italipa. Ila akina Younger wakishapata nyumba yao, anawajia mzungu mwenye adabu nyingi, anayetaka kuwalipa fedha ili wasihamie mtaa wa wazungu. Tamthilia hizi zikisomwa kwa kufuatana, kila moja huihoji nyenzake. Zikitenganishwa kwa majuma mengi, mwanafunzi hufundishwa, bila mtu yeyote kutamka, kwamba Miller aliandika juu ya binadamu na Hansberry aliandika juu ya watu weusi wa Chicago.

Hata hivyo anayenisumbua zaidi ni Alice Childress, ambaye katika orodha hiyo hayumo kabisa. Tamthilia yake, Trouble in Mind, ilionyeshwa New York mwaka 1955 katika ukumbi mdogo wa Greenwich Mews. Inahusu mwigizaji mweusi wa makamo anayefanya mazoezi ya mchezo ulioandikwa na mzungu, mchezo ambamo mama anamkabidhi mwanawe kwa umati unaotaka kumuua, na mwigizaji huyo anafika mahali anamwambia mwongozaji kwamba hakuna mama wa namna hiyo. Ilipangwa iingie Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwaka 1957, lakini watayarishaji walitaka abadilishe mambo, ukiwemo mwisho, ili watazamaji wao waondoke wakiwa wametulia. Childress alikataa, nao wakaacha. Kwa hiyo heshima ya kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuonyeshwa tamthilia yake Broadway ikamwendea Hansberry mwaka 1959, na Trouble in Mind ikaingia huko mwaka 2021, miaka 27 baada ya mtunzi kufariki.

Sasa wenzangu wananiambia kwamba Childress hajulikani vya kutosha kuitwa nguzo! Tamthilia isiyofika jukwaa kubwa haihakikiwi na magazeti makubwa. Isiyohakikiwa haiingii katika mikusanyo inayonunuliwa na vyuo. Na mwalimu ambaye hakuisoma ujanani hawezi kuifundisha uzeeni. Kisha tunakaa mezani na kahawa zetu tukisema kwamba historia imechuja.

Usidhani kwamba nataka kumfukuza O'Neill. Nimepunguza tamthilia moja ya Williams, basi, na hiyo pekee imeniletea barua pepe ndefu kutoka kwa mtu ambaye kwa kawaida hajibu hata salamu. O'Neill nataka asomwe kwa The Emperor Jones ya mwaka 1920, pamoja na kisa cha Charles Gilpin, mwigizaji mweusi aliyeipatia umaarufu, ambaye alichoshwa na tusi la kibaguzi lililojaa katika maneno yake, akawa analibadilisha akiwa jukwaani, mpaka akagombana na mtunzi. Tamthilia hiyo ilipofika London mwaka 1925, nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mwigizaji mweusi mwingine, Paul Robeson. Msome Gilpin leo, kesho msome Childress, uone kama darasa halitawaka moto.

August Wilson naye nimemweka katikati ya muhula, ingawa kuna jambo siafikiani naye. Katika hotuba yake ya mwaka 1996 pale Princeton alidai fedha na kumbi kwa ajili ya tamthilia za watu weusi, na hapo namuunga mkono. Lakini alipinga pia watu weusi kuigiza Death of a Salesman. Mwaka 2022 waigizaji weusi Wendell Pierce na Sharon D Clarke waliigiza nafasi za Willy Loman na mkewe huko Broadway, na sioni kwamba Wilson alipungukiwa na chochote. Pengine wewe utamtetea, kama kawaida yako.

Ombi langu ni hili: kamati inahitaji maoni ya msomaji wa nje, nami nimetaja jina lako. Wewe unajua vizuri mapendekezo ya wahadhiri wa Nairobi ya mwaka 1968, pale Ngũgĩ, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipohoji ni fasihi gani ikae katikati, badala ya kuomba nafasi pembeni. Nadhani watakusikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi, ambaye wananiona kila siku. Je, utakubali kuandika kurasa mbili? Ruined ya Lynn Nottage, mtunzi mweusi wa Marekani, inayohusu wanawake wa Ituri, Kongo, niiweke karibu na Brecht aliyemchochea, au nitakuwa nimemrudisha chini ya kivuli cha Mjerumani? Mnapomfundisha Ebrahim Hussein mnamweka kando ya nani? Wanafunzi wako wanamjua Mmarekani gani zaidi ya Miller? Na lile kabati la vitabu tulivyomwachia Bakari bado lipo, au ameshaligeuza la vyombo? Mzee nisalimie sana, na usisubiri Bakari akujibie.

Nduguyo,
Yusufu