Futi 90: barua kwa binti yangu kabla ya msimu

Kansas City, 22 Machi 2015

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniambia watoto wa shangazi yako huko Ngamiani wamekuuliza swali ukakosa la kuwajibu: Royals, timu yetu ya besiboli isiyopiga mipira mbali, ilifikaje fainali mwaka jana, na mwaka huu itafika wapi? Nikaanza kukueleza, salio likakatika. Leo Jumapili sina zamu, nimekaa mezani na chai yangu, nikuandikie bila haraka. Warushaji, wale wanaomtupia mpigaji mpira, nawaacha, wana habari yao. Nataka tuwatazame wale wanaoingia uwanjani kila siku, rungu mkono mmoja, glovu mkono wa pili.

Lakini kwanza nirudi kwenye usiku wa 29 Oktoba, maana hesabu zangu zote zinaanzia hapo. Mchezo wa saba wa fainali, mzunguko wa tisa, ambao kwa kawaida ndio wa mwisho, Giants 3, Royals 2, na wetu wawili wameshatoka, akitoka wa tatu basi. Alex Gordon akapiga, mpira ukampita Gregor Blanco, mlinzi wa Giants, ukabiringika mpaka ukutani. Ulisimama juu ya kochi, mama yako akasahau kukugombeza. Gordon akafika besi ya tatu akasimamishwa. Zimebaki futi 90 kutoka besi hiyo hadi nyumbani, kama mita 27, alama zisawazishwe. Salvador Perez akapiga mpira ukapaa juu, Pablo Sandoval akaudaka nje ya mstari, ikawa imekwisha. Ulilia, nami sikuwa na neno la kukuambia.

Hapa mjini watu bado wanabishana kama kocha wa besi ya tatu, Mike Jirschele, alikosea kumzuia Gordon. Mimi nasema hakukosea hata kidogo. Brandon Crawford wa Giants alishaupokea mpira, na mkono wake unarusha mbali na sawasawa. Gordon angekutwa katikati ya njia. Kilichotuumiza ni kwamba usiku kucha tulipata alama mbili tu, halafu mrushaji wao Madison Bumgarner akaingia akatufungia mlango mizunguko mitano. Timu yenye wapigaji wa nguvu hupata alama kwa pigo moja. Sisi lazima tujenge alama kama ukuta wa matofali: mmoja afike, aibe besi, yaani akimbilie inayofuata mpira haujapigwa, mwenzake amsogeze, wa tatu amlete nyumbani. Mrushaji akiwa kama Bumgarner, tofali la kwanza tu halipatikani.

Basi waambie watoto hivi. Mwaka jana Royals walipiga homrani, yaani mipira inayovuka ukuta wa uwanja, 95, wa mwisho kati ya timu zote 30. Wakaiba besi 153, wa kwanza kati ya hizo hizo 30. Na hakuna timu iliyotolewa mara chache kuliko sisi kwa kukosa mpira mara tatu. Yaani wetu hawaupeleki mpira mbali, ila wanaugusa, kisha wanakimbia. Ndivyo walivyoshinda michezo 89 na kuingia mchujo, ile michezo ya kuwania ubingwa baada ya msimu, kwa mara ya kwanza tangu 1985. Unakumbuka ule usiku na Oakland? Tulikuwa nyuma 7 kwa 3 mzunguko wa nane, watu wameanza kutoka uwanjani. Wakaiba besi saba usiku mmoja, tukashinda 9 kwa 8 katika mzunguko wa 12. Zile besi saba ndizo timu yenyewe.

Sasa mchezaji mmoja mmoja.

Nianze na Lorenzo Cain, anayelinda uwanja wa nje katikati, kwa sababu ndiye ninayemwamini kuliko wote. Huyu hakukulia na besiboli. Alikosa nafasi kwenye timu ya mpira wa kikapu ya sekondari huko Florida, ndipo akaenda kujaribu mchezo ambao hakuujua. Wenzake walianza na miaka mitano, yeye alikuwa kijana tayari. Waeleze hilo watoto wa Ngamiani, wasione kama wamechelewa. Mwaka jana alipiga 0.301, yaani mara 301 katika 1,000, na ukivuka 0.300 wewe ni mpigaji wa kweli. Aliiba besi 28. Dhidi ya Baltimore, kwenye nusu fainali, akachaguliwa mchezaji bora wa mfululizo ule, na mipira aliyoidaka akiwa amejinyoosha hewani bado naiona nikifumba macho. Hofu yangu ni miguu yake, inamuuma mara kwa mara, alicheza michezo 133 tu kati ya 162. Akiipata 150, sijui nani katika ligi yetu atasema ana mtu bora pale katikati.

Uwanja wa nje kushoto yupo Gordon. Timu zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2005, alichaguliwa wa pili nchi nzima awe mlinzi wa besi ya tatu, akashindwa, akarudishwa ligi ya chini Omaha kujifunza uwanja wa nje. Wengi wangenuna. Yeye alirudi akachukua Glovu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora, miaka minne mfululizo, 2011 hadi 2014. Desemba alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono, kwa hiyo usishangae akianza polepole mwezi wa Aprili. Mwache. Mtu anayegonga ukuta kwa bega akabaki na mpira ndani ya glovu sina wasiwasi naye.

Kulia ameondoka Nori Aoki, kaenda kwa hao hao Giants, na nafasi yake amepewa Alex Rios kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 11. Kwake sina furaha sana. Ana miaka 34, na mwaka jana kule Texas alipiga homrani nne tu. Aoki alikuwa anapiga mipira midogo, anafika besi, anasumbua mrushaji. Alikuwa tofali la kwanza. Rios atapata wastani wa heshima, lakini simwoni akibadilisha mchezo.

Kuondoka kulikoniuma ni kwa Billy Butler, sitakuficha. Alikuwa hapa tangu 2007, katika miaka tuliyokuwa tukipoteza mpaka watu wakaacha kuhesabu. Oakland wamempa dola milioni 30 kwa miaka mitatu na siwezi kumlaumu. Badala yake amekuja Kendrys Morales, Mkuba, kazi yake kupiga tu, hashiki glovu. Magazeti yanamcheka kwa ile 0.218 ya mwaka jana. Mimi namtetea. Mwaka jana alikaa bila timu mpaka Juni, hakuwa na kambi ya mazoezi, akaingizwa katikati ya msimu wenzake wakiwa wameshapasha moto miezi miwili. Mwaka uliotangulia, akiwa Seattle, alipiga homrani 23. Na ni mtu aliyevunjika mguu mwaka 2010 akishangilia homrani yake mwenyewe, akakosa mwaka 2011 wote, kisha akarudi. Safari hii yuko kambini Surprise, Arizona, tangu mwanzo. Nakuwekea ahadi kwake: atapita homrani 15.

Kwa Salvador Perez ndipo ninapokosana na meneja wetu, Ned Yost, ingawa nampenda. Mdaka mipira nyuma ya mpigaji anachuchumaa zaidi ya mara mia kila mchezo, amevaa kinga mwili mzima, katika joto la Missouri la Julai. Mwaka jana Perez alicheza michezo 150, kisha yote 15 ya mchujo. Nusu ya pili ya msimu ilionekana: rungu limekuwa zito, anafukuza mipira iliyo nje kabisa. Msimu mzima alipewa besi ya bure, ile ya kuiacha mipira minne mibaya ipite, mara 22 tu. Na usiku ule wa mwisho alikuwa amepigwa na mpira mguuni tangu mzunguko wa pili. Watu wanasema Perez alitukosesha kombe. Mwanangu, aliyesimama pale hakuwa amebakiwa na kitu mwilini. Yupo Erik Kratz wa kumpokea, basi na acheze walau siku moja katika tano. Ningekutana na Yost ningemwomba hilo tu.

Eric Hosmer, besi ya kwanza. Mikono yake inaokota mpira wowote unaorushwa vibaya, na ndiyo maana wenzake wanarusha bila woga. Ila 0.270 na homrani tisa hazimtoshi kijana wa umbo lile. Anaipiga sana chini, inabiringika kwa walinzi. Nami bado nakumbuka katika mchezo wa saba alivyojirusha kifudifudi kuigusa besi ya kwanza, wakapitia picha, akatolewa. Angeendelea kukimbia wima nadhani angefika. Ana miaka 25. Mwaka huu ndipo atajulikana ni mpigaji wa aina gani.

Alcides Escobar, kati ya besi ya pili na ya tatu, alicheza michezo yote 162, akaiba besi 31. Sina la kuongeza. Omar Infante, besi ya pili, bega linamsumbua na mkataba wake bado mrefu. Christian Colon anasubiri nyuma yake, na ingekuwa juu yangu angeshapewa nafasi zaidi.

Nimemweka Mike Moustakas mwisho kwa makusudi, kwa sababu ninyi wawili mna neno. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema auzwe. Na kweli, 0.212 ni msimu mbaya. Timu zote zilijua anavuta mpira kulia, zikahamishia walinzi watatu upande huo, naye akaendelea kuipiga pale pale walipo. Mwezi Mei wakamrudisha Omaha. Lakini ikafika Oktoba: homrani tano, hakuna Royals aliyewahi kupiga nyingi hivyo katika mchujo mmoja. Ya kwanza ilitupa ushindi kule Anaheim mzunguko wa 11. Halafu mpira ule na Baltimore alioufuata mpaka akapinduka juu ya uzio, akaangukia mikononi mwa mashabiki, na mpira anao. Siku ile uliniambia, "Baba, huyu tumwache." Mimi bado nasimama hapo. Akijifunza kuupeleka mpira kushoto, kule kusiko na mtu, nusu ya matatizo yake yataisha, na anao uwezo huo.

Benchi letu ni la miguu. Jarrod Dyson, aliyechaguliwa raundi ya 50, wakati timu nyingi zimeshachoka kuchagua, aliiba besi 36 bila kuwa mchezaji wa kuanza. Terrance Gore naye akiingia kukimbia badala ya mwenzake, uwanja mzima unajua ataiba, na bado anaiba.

Kompyuta za Baseball Prospectus, watu wa takwimu za besiboli, zimetupa ushindi 72. Mimi naandika 87, na barua hii uitunze mpaka Oktoba. Miaka ile tulipokuwa tukipoteza michezo 100 na zaidi, mwaka 2005 tukapoteza 19 mfululizo, nilikuwa nakupeleka Kauffman, uwanja wetu, kuangalia chemchemi za maji tu ili usione alama zilizoandikwa ubaoni. Watu hawa sasa unaweza kuwaangalia wao.

Tunaanza hapa nyumbani tarehe 6 Aprili dhidi ya White Sox. Michezo ya usiku huku inaanza saa moja, kwenu huko itakuwa saa tisa usiku, kwa hiyo usikeshe, bibi yako asije akanilaumu. Nitakuachia ujumbe ukiamka.

Kuna jirani anasafiri wiki ijayo, nimempa glovu mbili. Ile inayovaliwa mkono wa kulia ni ya yule mdogo anayerusha kwa kushoto, wasije wakabadilishana. Waanze na mipira ya chini kwanza, mbele ya nyumba, ardhi ilipo sawa. Mpe bibi shikamoo yangu.

Baba yako