King'amuzi kisichouzwa dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nijibu makala mliyoichapisha wiki mbili zilizopita, ambayo mwandishi wake aliziorodhesha shahada ambazo kwa maoni yake hazilifai taifa kitu, na akaitia humo shahada ya taaluma za habari na utamaduni kwa kuiita "shahada ya kuangalia televisheni". Nilifundisha Kiswahili na historia katika shule za sekondari za Iringa na Mbeya kwa miaka 32 hadi nilipostaafu. Fani hiyo sikuisomea wala sikuwahi kuifundisha, kwa hiyo asidhani kwamba navutia kamba kwangu. Najibu kwa sababu ameicheka kazi ambayo, kwa dalili zote, hajui inavyofanywa, na ambayo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaihitaji kuliko anavyofikiri.

Nichukue maisha ya mtu mmoja kati ya walioijenga fani hiyo. Stuart Hall alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1932, akaenda Oxford mwaka 1951 kwa ufadhili wa Rhodes kusoma fasihi ya Kiingereza. Alianza tasnifu ya udaktari juu ya mwandishi wa riwaya Henry James, akaiacha njiani baada ya matukio ya mwaka 1956, pale Uingereza na Ufaransa zilipoivamia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez na vifaru vya Kisovieti vilipoingia Hungaria. Hakurudi tena kuimalizia. Akafundisha kwa muda katika shule ya sekondari ya watoto wa kawaida kusini mwa London, na mwaka 1961 akaajiriwa katika Chuo cha Chelsea kufundisha filamu na vyombo vya habari, wakati ambapo vyuo vingi vya nchi ile viliyaona mambo hayo kuwa ya kupotezea jioni. Mwaka 1964 Richard Hoggart alipoanzisha Kituo cha Taaluma za Utamaduni wa Kisasa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, alimwita Hall awe msaidizi wake, na Hoggart alipokwenda kufanya kazi UNESCO, Hall ndiye aliyeshika usukani wa kituo hadi mwaka 1979. Baada ya hapo alikuwa profesa wa sosholojia katika Chuo Kikuu Huria cha Uingereza mpaka mwaka 1997, chuo ambacho mihadhara yake ilirushwa na BBC, mara nyingi usiku au alfajiri, kwa wanafunzi ambao mchana walikuwa kazini. (Mimi niliyesoma kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kituo cha Mbeya, huku nikisahihisha madaftari ya kidato cha pili, naielewa sana alfajiri hiyo.) Alifariki dunia Februari 2014 akiwa profesa asiye na shahada ya udaktari. Kwa taratibu za vyuo vyetu leo, sidhani kama angevuka ngazi ya mhadhiri msaidizi.

Sasa huyo mtu alikuwa akifanya nini na televisheni? Watafiti wengi waliomtangulia waliuchukulia ujumbe kama gunia la viazi linalopakiwa Uyole: likishushwa Dar es Salaam ni viazi vile vile, na kazi ya mtafiti ni kuhesabu vilivyooza njiani. Katika andiko lake la mwaka 1973 Hall alisema kwamba habari haisafiri hivyo. Mtayarishaji wa kipindi husimba maana, yaani huifunga ndani ya ishara, kwa picha anazochagua, kwa mpangilio wake na kwa maneno anayoyaweka juu yake, na mtazamaji huisimbua, yaani huifungua, kwa kutumia maisha aliyoyaishi yeye, si aliyoyaishi mtayarishaji. Mmoja ataipokea maana kama ilivyokusudiwa. Mwingine ataikubali kwa jumla lakini ataipunguza hapa na kuiongeza pale ili ilingane na hali yake. Wa tatu ataielewa vizuri kabisa na kuigeuza kichwa chini miguu juu. Mtafiti mmoja wa kituo kile, David Morley, aliyafanyia kazi mawazo hayo kwa kuwaonyesha watu wa makundi 29, wakiwemo wanafunzi, mameneja wa benki na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, kipindi cha BBC kilichokuwa kikirushwa jioni za siku za kazi, kisha akakaa na kusikiliza walivyobishana.

Kiswahili, bila kumsoma Hall, kilikwisha kulijua jambo hilo. Mwaka 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Mbeya na kila nyumba yenye televisheni ikalazimika kununua kisanduku kipya, tulikiita king'amuzi, kutokana na kung'amua, yaani kulitambua jambo lililofichika. Tulilipia visanduku vile kwa malalamiko mengi, tukagombana na mafundi wa antena, lakini king'amuzi ambacho Hall alikitafiti maisha yake yote kilikuwa kimekaa kwenye kiti mbele ya kisanduku.

Nitatoa mfano kutoka sebuleni kwangu. Kuanzia mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, ya msichana Doudou na mama wakwe zake, na ikapendwa mno, hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake ya Machi 2013 pale Dar es Salaam kuwa imewawezesha watazamaji wa Tanzania kuzijua raha na karaha za familia za kawaida za Kichina. Marehemu mama yangu, Mnyakyusa wa Rungwe, aliitazama karibu kila sehemu yake, na sikumbuki kama alitamka neno lolote kuhusu China. Yeye alilelewa katika mila ambayo mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, humpisha njia na hata kujitenga kichakani asionekane, mila ambayo mtaalamu wa anthropolojia Monica Wilson aliiandika kwa kirefu baada ya kuishi Unyakyusa miaka ya 1930. Kwa hiyo wakati mke wangu, aliyezaliwa Mafinga, akicheka vituko vya mama mkwe mkali, mama aliziba uso kwa khanga kila mkamwana alipoketi meza moja na baba wa mumewe na kumjibu kwa kumtazama machoni. Kwake ile haikuwa tamthilia ya kuchekesha hata kidogo. Ilikuwa habari ya nyumba iliyovunjika, na mama mkwe ndiye peke yake aliyekuwa na akili humo ndani. Picha moja, sebule moja, wanawake wawili wanaopendana, na tamthilia mbili tofauti. Naomba mwandishi wa makala aniambie ni mwenye shahada ya uhandisi wa mitambo yupi angenieleza kilichokuwa kikitokea pale.

Lakini fani hii haiishii kwenye tamthilia, na hapa ndipo ninapomwomba mwandishi asome polepole. Novemba 1972, katika mtaa wa Handsworth jijini Birmingham, vijana watatu walimshambulia na kumwibia mtu, na Machi mwaka uliofuata mmoja wao akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Magazeti yalikuwa yamelikumbatia neno la Kimarekani la uporaji wa aina ile, "mugging", na kuufanya uhalifu wa zamani uonekane mpya, wenye rangi ya ngozi na wenye mtaa wake. Hall na wenzake wanne walilichunguza suala hilo kwa miaka kadhaa na kutoa kitabu mwaka 1978. Hawakusema kwamba mwathirika hakuumizwa. Walionyesha kwamba polisi, mahakimu na wanasiasa huulizwa kwanza, na kwa kuulizwa kwanza wao ndio huamua tukio liitweje na lihusishwe na akina nani, kisha kila anayekuja baadaye, hata wa kupinga, hulazimika kuzungumza ndani ya uzio uliokwisha kujengwa. Mwaka uliofuata Hall alishiriki katika kipindi cha BBC yenyewe kilichokosoa namna televisheni ya Uingereza inavyowaonyesha watu weusi.

Tulioishi huku mwanzoni mwa mwaka 2019 tunalijua hilo bila kufundishwa. Habari za mauaji ya watoto mkoani Njombe zilienea duniani kote. Uchungu wa wazazi wale haupimiki, na ingekuwa aibu kama habari ile isingeandikwa. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa mkoa mzima, wenye mashamba ya chai, viazi na mbao zinazojenga nyumba nyingi za nchi hii, uligeuzwa kuwa jina la ushirikina. Mkwe wangu mmoja wa Makambako aliniambia kwamba alipopanda basi Dar es Salaam na kutaja anakokwenda, abiria wa pembeni alimhamisha mtoto wake upande wa dirishani. Ni nani aliulizwa kwanza katika habari zile, neno lipi lilitangulia, na wakulima wa Ludewa na Wanging'ombe waliokuwa wakijisikiliza redioni walilielewaje? Hayo ni maswali ya shahada ya kuangalia televisheni, na majibu yake yangetufaa kabla ya tukio jingine.

Wapo watakaosema kwamba utafiti wa aina hii haujawahi kufanyika kwetu. Umefanyika sana, ila mara nyingi waliojenga majina kwa huo walikaa kwingine. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliobeba mafunzo ya uzazi wa mpango na kinga ya Ukimwi. Mtambo wa Dodoma uliachwa bila mchezo huo hadi mwaka 1995 ili wasikilizaji wa sehemu nyingine walinganishwe na wasiosikia, na mtafiti wa mawasiliano Everett Rogers wa Marekani na wenzake wakaandika matokeo ambayo yanasomwa mpaka leo na wanafunzi wa mawasiliano kote duniani: waliousikiliza walibadilika zaidi. Sina ugomvi na hesabu zao. Lakini mhusika wake mmoja, Mkwaju, dereva wa malori ya masafa marefu mwenye wanawake njiani, sisi tulimfahamu kwa sura, maana alipita Uyole kila siku kwenda Tunduma, na katika shule niliyofundisha wakati ule wavulana wa kidato cha tatu walipigania kuitwa Mkwaju. Aliwekwa pale awe onyo. Wao wakamfanya bingwa. Dodoso la ndiyo na hapana halina kisanduku cha kuwajaza vijana wale.

Vivyo hivyo kwa vibanda umiza, yaani mabanda ya kuonyeshea video kwa kiingilio. Yule Lufufu, ambaye sauti yake ya kusimulia filamu za Kimarekani na za Kihindi kwa Kiswahili ilisikika vibandani nchi nzima, ameandikwa kwa kina na Matthias Krings, mtaalamu wa anthropolojia wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani. Namshukuru Krings. Mtanzania Martin Mhando naye, mmoja wa waongozaji wawili wa filamu ya Maangamizi, alifundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Murdoch huko Australia, ingawa alirudi nyumbani kuongoza tamasha la filamu la Zanzibar. Ninachouliza ni mhadhiri yupi wa Iringa au Mbeya, miji yenye vyuo vikuu vyake na yenye historia ya kufundisha uandishi wa habari, amepewa muhula mmoja akakae Mwanjelwa au Ipogolo kwenye benchi la mbao na kuandika watu wanavyozungumza na skrini. Kijana niliyemfundisha, ambaye sasa ni mhadhiri katika chuo nisichokitaja, aliomba kufanya hivyo, akajibiwa kwamba chuo hakiwezi kulipia posho ya kwenda kwenye banda la video. Ameandika badala yake juu ya matumizi ya kamera za kidijitali, na amepandishwa cheo.

Nakiri kwamba hata Birmingham hawakuona mbele: mwaka 2002 chuo kile kiliifunga idara iliyotokana na kituo cha Hall, baada ya tathmini moja ya utafiti kuipa alama ndogo. Mwandishi wa makala angefurahi kukaa katika kamati ile.

Huku kwetu muda umebaki mchache, kwa sababu vibanda vinafungwa kimoja baada ya kingine, watoto wanaangalia filamu kwa bando kila mmoja na simu yake, na siku za mpira tu ndipo mabenchi yanapojaa. Jirani yangu mmoja aliyeendesha kibanda eneo la Mafiati aliuza televisheni na spika zake mwaka jana. Alikuwa na tabia ya kuandika kila usiku jina la filamu iliyoonyeshwa, msimuliaji wake, idadi ya waliolipa na, pembeni kwa kalamu nyekundu, maneno kama "wamezomea", "wanawake wengi", "wameomba irudiwe". Madaftari hayo ni 11, na nilipomkuta alikuwa amekwisha kuchana moja na kumpa mkewe afungie maandazi. Nimeyachukua yaliyobaki, yapo kabatini kwangu ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya unyevu wa Uyole. Mhadhiri yeyote atakayeyataka, awe na udaktari au asiwe nao, namwomba akuandikie wewe Mhariri, nawe una anwani yangu.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya