Mafundi, acheni kututolea thamostati bila kutuambia

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo la mafundi kututolea thamostati, kile kivalvu kinachoongoza maji ya kupoza injini, limenikaa rohoni, na naona madereva wenzangu wanazidi kuumia kimyakimya.

Mi naendesha taksi ya abiria, Mbale kwenda Kapchorwa, huku mashariki mwa Uganda. Anayeijua hiyo barabara anajua ukishapita Muyembe ni mlima tu mpaka Sipi, gari imejaa watu na magunia, unalia na gia ya pili. Sasa siku hiyo napanda naona mshale wa joto nao unapanda, kabla sijapata pa kuegesha mvuke ushatoka mbele na abiria wanaruka chini. Konda wangu, kijana mdogo tu, akakimbilia kifuniko cha rejeta, ile ya mbele inayopoza maji ya injini, na kitambaa mkononi, nikampigia kelele aache, na nashukuru Mungu alinisikia, maana yale maji yamebanwa mle ndani, ukiyafungulia yakiwa moto yanakurukia usoni.

Hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ilikuwa imepinda. Kuisawazisha, gasketi mpya ya kuziba kati ya hedi na injini na kazi ya fundi vilinila shilingi laki saba na nusu. Fundi alipofungua ndo akanionyesha: mahali pa thamostati patupu. Gereji nilikopeleka mwanzo kubadilisha hosi, ile mipira ya maji, waliitoa wakatupa, hata neno hawakuniambia, na nilipowarudia wakanijibu eti hiyo ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi.

Jamani si kweli. Thamostati ni kivalvu kidogo chenye nta ndani. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yanazunguka kwenye injini tu ili ipate moto haraka, joto likifika kama digrii 82 ile nta inayeyuka na kutanuka, inasukuma, njia ya rejeta inafunguka. Injini inayotembea baridi kila siku inakunywa mafuta na kulika mapema. Halafu kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati ikifunguka inaziba na kile kinjia cha pembeni, kwa hiyo ukiing'oa kinabaki wazi, maji ya moto mengine yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta, na ukifika mlimani na mzigo ndo unachemsha.

Fundi wangu wa sasa alichemsha maji kwenye sufuria yao ya chai palepale gereji, akaning'iniza thamostati mpya kwa uzi isiguse chini, tukainama kuangalia. Kwanza kimya, halafu vipovu, mara kile kisahani kikaanza kuachia polepole mpaka mwanga ukapita katikati. Pembeni imechongwa 82. Ni dakika chache na haitaki mashine yoyote, kwa nini watu wasipime wanakimbilia kutupa?

Na kifuniko cha rejeta tusikidharau. Changu mpira wake ulikuwa umepasuka. Kampala tu, ambako ni mita kama 1,200 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka karibu digrii 96, huku kwetu juu Kapchorwa ni chini ya hapo. Kifuniko kizima cha mgandamizo wa bar 1.1 kinayabana yasichemke mpaka karibu 120. Mpira ukifa hiyo nafasi yote umepoteza.

Siku hizi asubuhi kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi kabisa, nafungua naangalia maji, naminya hosi kama zimelegea au zina nyufa, nachungulia wota pampu kama kuna alama ya maji yaliyokaukia hapo, navuta stiki ya oili, maana ikiwa na rangi ya chai ya maziwa gasketi imeshaenda. Maji ya bohoo, kile kisima cha kuchimba kwa mashine, nimeacha, chumvi yake inaganda ndani ya rejeta na chuma kinashika kutu. Natia kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Kulanti ni ghali kweli, ila hedi nimeshailipia najua bei yake.

Ninachoomba wenye gereji ni hiki: ukitoa kitu kwenye gari ya mtu, mwambie, na mpe mkononi kile ulichotoa. Na nyie madereva mkichukua gari gereji ulizeni thamostati iko wapi kabla hamjalipa.

Dereva wa taksi,
Mbale