Watangazaji wapitie jukwaani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vyuo vyetu vya utangazaji. Vijana wanahitimu wakijua kuendesha mitambo ya studio, lakini wape taarifa ya habari: pumzi inaishia kifuani, na kila mwisho wa sentensi sauti inazama. Wengine wanavuta maneno kwa lafudhi ambayo sijui wameiokota wapi.

Dawa iko kwenye sanaa za maonyesho. Mwigizaji hufundishwa kupumua kwa tumbo, kutamka hadi ng'ombe asigeuke ngombe, na kunyamaza panapostahili. Hilo la kunyamaza, naona, ndilo gumu kuliko yote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa hizo tangu miaka ya 1960, na Bagamoyo ilipata chuo chake cha sanaa mwaka 1981. Walimu basi wapo.

Wanafunzi wa utangazaji wapewe angalau muhula mmoja wa uigizaji, warekodi mchezo wa redio tangu mswada hadi milio ya milango na nyayo, na mtihani uwe mbele ya maikrofoni, si wa karatasi tu.

Msikilizaji wa redio,
Morogoro