Kabati la paina na mninga

Mafinga

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Sisi wazima, kazi inakwenda. Uliniuliza habari za kabati la vyombo ninalomtengenezea dada, maana nawe unataka kuchanganya mbao za rangi mbili huko Uyole.

Kwanza, usigawe nusu kwa nusu. Mafundi wengi hupanga ubao mweupe, ubao mweusi, mpaka mwisho, na jicho halijui litue wapi. Mimi nimeiacha paina itawale. Mwili wote na paneli za milango, yaani mbao za katikati ya fremu, ni paina ya shamba la miti la Sao Hill, niliyoichagua ubao mmoja mmoja nikitafuta mistari iliyonyooka. Mninga uko kwenye fremu za milango tu. Vishikio ni vya mpingo, vidogo kama kidole gumba, na ndivyo unavyoviona kwanza ukiingia chumbani! Mpingo ni adimu na unamaliza makali ya patasi, kwa hiyo kidogo hicho kinatosha kabisa.

Sasa sikiliza hili, ndilo linaloharibu kazi nyingi. Vumbi la mninga ni jekundu. Ukiunga kwanza ndipo upige msasa, linaingia kwenye vinyweleo vya paina, na weupe wote unachafuka. Piga msasa kila kipande peke yake, ukifute vizuri, ndipo uunge.

Paneli usizitie gundi. Chimba mfereji ndani ya fremu, paneli iingie kavu na ibakiziwe nafasi, kwa sababu mbao hutanuka kwa upana wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi. Ukiibana, itapasuka. Tena zipake vanishi kingo za paneli kabla hujaziingiza. Usipofanya hivyo, kiangazi kikifika utaona ukanda mkavu usiopakwa umechungulia pembeni mwa mninga, na hapo huwezi kuufikia vizuri kwa brashi.

Paina itageuka manjano kadiri inavyopata mwanga, basi chagua mninga uliokolea. Na ununue wenye kibali, tafadhali. Miti hiyo inakua polepole mno.

Nimebakiza vipande vya mpingo. Nipimie upana wa milango yako, nikukatie vishikio nivitume kwa basi.

Msalimie sana shemeji na watoto.

Wako,
Seremala mwenzako